Umeitwa kwa stadi ya mwaka mzima ya dawa ya mapafu? Soma hii kabla hujasaini

Wiki jana binamu yangu alinipigia simu kutoka Mbale kule Vihiga, ati baba yao ameambiwa kwa kliniki ya kifua kuna stadi, yaani utafiti wa kujaribu dawa kwa watu, ya inhela mpya (ile dawa ya kuvuta kwa mdomo), ni wiki 52, damu itatolewa, atakuwa anapuliza mashine kila baada ya muda, na mzee amekubali papo hapo juu amechoka kukohoa, sasa wao kama familia wafanye nini. Tuliongea karibu saa nzima. Nimefanya kazi ya kufuatilia washiriki wa stadi manyumbani miaka kadhaa, kuanzia Kisumu mpaka pande za Nakuru, na tulipokata simu nikaona haya mambo sijawahi kuyaandika mahali popote, basi wacha niyaandike. Kama wewe ndiwe mgonjwa ama una mzazi mgonjwa soma polepole, hasa pale kwa kitabu cha dalili, maana hapo ndipo kazi yenyewe iko.

Anza na ugonjwa wenyewe. Huku kwetu mtu akikohoa miezi miwili anaambiwa ni TB, akipimwa hana anaambiwa ni pumu, akiwa mzee anaambiwa ni baridi ya ziwa. Ugonjwa sugu wa mapafu, ule madaktari wanauita COPD, ni njia za hewa kuharibika polepole na kuziba na haziwezi kufunguka tena zikawa kama zamani, na usidhani ni wa wavuta sigara peke yao. Nimeuona kwa wamama wa Obunga kule Kisumu waliokaanga mgongo wazi, yale mifupa ya mbuta inayobaki nyama ikitolewa, kwa moto wa kuni miaka ishirini na zaidi, nimeuona kwa nyanya ambaye hajawahi kugusa sigara lakini jiko lake la mawe matatu liko ndani ya nyumba haina dirisha, na kwa watu waliougua TB wakapona lakini mapafu yakabaki na makovu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka wa 2021 ugonjwa huu uliua watu kama milioni 3.5, na kwa wale wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu 90 kwa kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa hivyo dawa zikijaribiwa Ulaya na Marekani pekee kwa wavuta sigara, sisi wa moshi wa kuni hatujahesabiwa, na hii ndiyo sababu mimi huwaambia watu wasikimbie stadi, waingie lakini wakiwa macho wazi.

Kipimo chake ni kupuliza mashine, spairometri. Unapuliza mara ya kwanza, unavuta salbutamol, ile dawa ya kufungua kifua haraka, kawaida mara nne, unangoja dakika 10 hadi 15 halafu unapuliza tena. Wanachukua hewa uliyotoa sekunde ya kwanza wanaigawa kwa hewa yote uliyoweza kutoa, na jibu likiwa chini ya 0.70 hata baada ya dawa basi njia zimeziba kweli. Mtu akikuambia uingie stadi ya COPD na hujawahi kupuliza mashine, muulize amejuaje. Na ukipuliza, keti wima, jaza kifua mpaka pomoni, bana midomo kwa ile mrija, halafu toa kwa nguvu ya ghafla na uendelee kutoa hata ukiona hewa imeisha, sekunde sita ama zaidi, mpaka sista aseme basi. Wazee wetu wanaona aibu juu mate yanaruka. Wacha yaruke, ukipuliza kwa adabu namba inatoka ya uongo na mwaka mzima utalinganishwa na hiyo uongo.

Sasa swali la binamu yangu lilikuwa, kwa nini mwaka mzima na inhela inafungua kifua kwa dakika chache? Ni kweli, kujua kama dawa inafungua kifua haichukui muda, lakini kujua kama inaumiza kunachukua muda sana, na hii ni dawa mtu atatumia asubuhi na jioni mpaka siku yake ya mwisho. Kuna stadi kubwa inaitwa TORCH, matokeo yalitoka 2007, watu zaidi ya 6,000 wakafuatwa miaka mitatu, wengine wakivuta inhela ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, pamoja na dawa ya kufungua njia na wengine plasebo, yaani inhela inafanana lakini haina dawa ndani. Wale wa inhela yenye dawa walizidiwa, yaani kifua kuwa kibaya ghafla kuliko kawaida yake, mara chache kuliko wengine, hiyo ilikuwa habari nzuri, lakini nimonia ikaonekana: kwa miaka hiyo mitatu ilikuwa 19.6 kwa kila 100 kwao na 12.3 kwa wale wa plasebo. Jiulize kama wangesimamisha baada ya wiki sita nani angeona hiyo. Nyingine ya 2011 huko Marekani, watu 1,142 wa COPD, nusu walipewa azithromycin kila siku kwa mwaka, hii antibiotiki ya kawaida unapata kwa kila chemisti, na wakazidiwa mara chache lakini kupungukiwa na uwezo wa kusikia kukawa 25 kwa 100, upande wa plasebo 20. Masikio! Nani angefikiria dawa ya kifua iende kwa masikio, ila kwa sababu walipima masikio wakaiona.

Na wakati mwingine kufuata watu muda mrefu kunaondoa hofu badala ya kuleta. Kuna inhela ya tiotropium ya kutoa mvuke laini ambayo watu walianza kusema inaua kuliko ile ya unga, ikaandikwa hata kwa majarida ya madaktari, basi watu zaidi ya 17,000 wakafuatwa kwa zaidi ya miaka miwili na 2013 majibu yakatoka kwamba vifo havikutofautiana. Wagonjwa waliokuwa wameogopa kuitumia wakapata jibu.

Kuna kanuni ya kimataifa ya tangu 1994 inayosema dawa ya ugonjwa wa kudumu inafaa iwe imetumiwa na watu kama 1,500 kwa jumla kabla iruhusiwe, na angalau 100 kati yao wawe wameitumia mwaka mzima. Mia moja, kwa ugonjwa wa dunia nzima! Na hesabu yake iko hivi: kama umefuata watu 100 na hakuna hata mmoja amepata shida fulani, bado hiyo shida inaweza kuwa inapata watu hadi 3 kwa kila 100 na hujaiona. Ndiyo maana kila mtu kwa stadi ni mzito hivi. Mzee mmoja wa Vihiga akinyamaza kuhusu macho yake kuona ukungu, ameondoa kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Kabla ya kusaini. Hapa usikimbizwe na mtu. Fomu ya konsenti, ile ya kukubali kuingia, ni haki yako kwenda nayo nyumbani, ulale nayo, usomewe na mtoto wako, na iwe kwa lugha unaelewa, Kiswahili ama Dholuo ama Luhya ama Kikuyu, si kusomewa Kiingereza haraka haraka halafu unaonyeshwa pa kuweka kidole. Kama mgonjwa hajui kusoma lazima kuwe na shahidi asiye mtu wa stadi, anakaa hapo mwanzo mpaka mwisho, anasikia yote halafu naye anasaini. Niliwahi kuona mzee amewekwa kidole na shahidi aliitwa kutoka nje ya mlango baada ya maelezo kuisha, sitasema ilikuwa wapi, lakini ule mzee alikuwa anafikiri anasaini ya kupewa neti. Iliniuma mpaka leo.

Uliza stadi imepitishwa na kamati gani ya maadili, na kama ni ya dawa uliza pia kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti, hizo karatasi zipo na zina namba na tarehe, mtu mwenye kazi safi hawezi kukasirika ukiziuliza. Uliza kama imeandikishwa kwa rejista ya umma, ile ya Afrika inaitwa PACTR, mtoto wako anaweza kuitafuta kwa simu akaona nani analipa na wanapima nini. Namba ya kamati ya maadili inakuwa kwa fomu, iandike kando, hiyo ndiyo unapigia kama daktari wa stadi mwenyewe ndiye shida.

Halafu maswali ya ukweli ya maisha. Inalinganishwa na nini, plasebo ama inhela nyingine inayojulikana? Kama ni plasebo, mimi nitapewa nini ya kila siku na nitakuwa na salbutamol ya dharura ama nitajinunulia? Nikiumia juu ya dawa nani analipa, bima ya stadi iko wapi (lazima iwepo, usikubali kuambiwa utatumia SHA yako, ile bima ya afya ya serikali)? Damu yangu inawekwa wapi na inapelekwa nje? Fea ni pesa ngapi na inalipwa siku hiyo hiyo ama mwisho wa mwezi? Hilo la fea watu wanaliona dogo lakini nimeona mama akitembea kutoka Nyalenda hadi kliniki na kifua kimebana juu pesa za mwezi uliopita hazijatoka, na aliogopa kusema. Na ile ya mwisho, baada ya wiki 52 napata hiyo dawa ama nawachwa hivyo? Jibu liandikwe. Pia ujue hutachagua kundi, kompyuta ndiyo inagawa, na mara nyingi hata daktari hajui umepewa gani, hiyo si ujanja, wakijua wanaanza kuona wanachotaka kuona.

Ukikubali kuingia sema ukweli wote kuhusu dawa zingine, na hapa naomba mnielewe vizuri juu hapa kwetu magharibi inahusu watu wengi. Kama unatumia ARV, sema. Najua ni ngumu kusema mbele ya mkwe aliyekusindikiza, mwambie angoje nje, una haki ya kuongea na daktari mkiwa wawili. Dawa za ARV zenye ritonavir ndani, wengi wa safu ya pili, wale dawa za kwanza zilishindwa, wanazitumia, zikikutana na inhela ya fluticasone ama budesonide zinafanya steroidi ikusanyike mwilini, uso unavimba unakuwa mviringo, sukari inapanda, mifupa inalegea, na mtu anasifiwa ati amenona kumbe ni dawa. Hata bila kuwa kwa stadi yoyote, kama unatumia hizo mbili pamoja muone daktari wiki hii, usisimamishe mwenyewe. Sema pia dawa za presha, nyingine kama propranolol zinapingana na inhela za kufungua kifua, sema kama una sukari, kama mkojo unatoka kwa shida, kama una presha ya macho, kama una mimba ama unatarajia. Na mitishamba. Usiache mitishamba kimyakimya na usitumie kimyakimya, beba hata kipande cha mzizi uwaonyeshe, hakuna mtu atakucheka.

Sasa kitabu. Stadi nyingine wanakupa cha kujaza, nyingine wanakupa simu, lakini mimi naambia kila mtu anunue pia eksasaizi yake ya kawaida, ile ya watoto wa shule, na kalamu aifunge na uzi ili isipotee. Mama mmoja wa Obunga ndiye alinifundisha namna ya kuandika. Alikuwa ameishia darasa la nne, kitabu chake kilikuwa na mafuta ya samaki kwa kona, kila ukurasa amechora mistari minne kwa rula ya mjukuu. Mstari wa kwanza tarehe na saa. Wa pili, nini kimetokea, kwa maneno yake mwenyewe, "moyo kudunda kama nimekimbia nikiwa nimekaa", "mdomo mkavu", "makohozi yamebadilika yakawa kama rangi ya embe". Wa tatu, imeisha saa ngapi. Wa nne, nimefanya nini, na hapo aliandika kila kitu, salbutamol mara ngapi, panadol, maji moto, ama amelala tu. Na chini ya ukurasa, kwa hiari yake, aliandika moshi: leo nimekaanga, leo sijakaanga, leo mvua kuni mbichi. Daktari alipokifungua alinyamaza kwanza, akarudi nyuma kurasa tatu, akaona mikono kutetemeka kunakuja kama dakika kumi baada ya inhela ya asubuhi na kunaisha kabla ya saa nne, kila siku, hata siku za bila moshi. Hiyo hakuna kipimo cha damu kingemwambia.

Kitu kikubwa kwa kitabu ni usiamue wewe kama ni dawa ama si dawa. Watu wetu wana tabia ya kuchuja. "Hiyo ya mgongo ni ya kulima." "Hiyo ya macho ni umri." Andika tu, wacha wale wa stadi wachuje, juu wao wanaona vitabu vya watu mia tatu na wewe unaona chako tu, na kama watu arobaini wote "wamelima" na wote migongo inauma ile sehemu moja, hapo kuna jambo la mifupa. Andika hata zile za aibu, mkojo kukataa, utando mweupe kwa ulimi, kukosa usingizi, moyo kuwa mzito bila sababu. Andika pia majira, miwa ikichomwa pande za Muhoroni, vumbi la kupukuchua mahindi, Januari ya Nakuru wakati upepo unainua udongo, maana kifua kitazidiwa wakati huo kwa kila mtu awe na dawa ama plasebo na bila kuandika inaonekana ni dawa.

Inhela yenyewe. Kama ni ya kufinya, itikise, toa pumzi yote nje kwanza, finya ukianza kuvuta, vuta polepole na kwa kina, shikilia pumzi mpaka hesabu ya kumi. Kama ni ya unga ni kinyume, unavuta haraka na kwa nguvu, na usipulizie ndani maana unga unashika unyevu. Nimeona watu wamebadilishiwa aina na hakuna aliyewaambia tofauti, wakaandikwa dawa haifanyi. Ikiwa na steroidi ndani, sukutua mdomo na maji uteme kila mara, hiyo ndiyo inazuia ule utando mweupe. Waombe wakuangalie ukivuta kila ukienda kliniki, si siku ya kwanza tu, mkono unasahau.

Halafu kuna hili la kaunta, kile kidirisha kidogo nyuma ya inhela chenye namba zinazopungua. Yule mama mwenye kitabu kizuri, jirani yake pia alikuwa kwa stadi hiyo, na siku moja nimefika kwa huyo jirani asubuhi ya kliniki mapema kuliko alivyonitarajia nikamkuta nje karibu na choo akifinya inhela hewani, puu, puu, puu, na akiangalia kidirisha. Namba ilikuwa imebaki juu sana na alijua sista atauliza. Sikumgombeza, tukakaa kwa benchi akaniambia ilikuwa inamfanya akohoe usiku akaacha wiki mbili, lakini sista ni msichana mzuri sana na hakutaka kumvunja moyo. Unaona? Kwa ajili ya upole alikuwa karibu kuandikwa ametumia dawa siku zote na hana shida yoyote, na kikohozi chake cha usiku, ambacho ndicho stadi ilitengenezwa kukitafuta, kingepotelea pale chooni. Na si sisi tu, Marekani walishawahi kuweka mashine ndani ya inhela za kurekodi saa ya kila mfinyo wakakuta baadhi ya watu wanafinya mara nyingi kwa mkupuo kabla ya kwenda kliniki. Ukiacha dawa sema umeacha. Namba iliyobaki juu ni habari, haikushtaki. Na nyinyi masista na vijana wa fildi, ukiona kaunta iko juu uliza "ilikuwa inakusumbua wapi?", usiulize "kwa nini hujatumia?", utapata jibu tofauti kabisa.

Kuzidiwa kukubwa kusingoje siku ya kliniki. Kama huwezi kumaliza sentensi bila kupumua katikati, midomo ama kucha zinageuka samawati, umechanganyikiwa ama una usingizi usio wa kawaida, kifua kinauma, homa imekuja na makohozi yamebadilika rangi, nenda hospitali iliyo karibu, yoyote, halafu familia ipige simu ya stadi. Kulazwa hospitali usiku mmoja tu kunahesabiwa tukio zito, na watu wa stadi wana saa 24 za kuripoti kwa walioianzisha tangu wapate habari, lakini saa hizo zinaanza wewe ukisema. Ile kadi ndogo ya stadi yenye namba za simu iwe kwa pochi, piga picha pia iwe kwa simu ya mtoto na ya jirani. Nimeona mtu amelazwa siku tisa hospitali ya kaunti nyingine alipokuwa ameenda matanga na sisi tunampigia simu imezimwa tunadhani amesafiri tu.

Kwa habari ya matanga na safari, beba inhela ya stadi na ya dharura zote, na kitabu. Na jambo dogo la oksimita, ile ya kubana kidole: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru ni kama 1,850, hewa ya juu ni nyepesi, kwa hivyo namba ya oksijeni ya Nakuru inaweza kuwa chini kidogo na hujafanya kosa. Andika tu umepimwa ukiwa wapi.

Siku za kliniki hakuna mengi, fuata walivyokuambia kuhusu kula na kuhusu saa ya kuvuta inhela kabla ya kupuliza mashine, ukivuta kabla wakati walisema usivute waambie, watakupangia siku nyingine. Watapima moyo na zile waya za kifuani, potasiamu kwa damu, uzito, labda macho na mifupa kama kuna steroidi. Omba uambiwe majibu yako, ni mwili wako.

Kuacha stadi. Unaruhusiwa siku yoyote bila kutoa sababu na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa, huo ni msingi. Lakini watu wengi hawajui kuna kuacha dawa na kuna kuacha stadi, ni vitu viwili. Unaweza kusema hii inhela siitaki tena lakini nipigieni simu kila mwezi niwaambie naendeleaje, na kwa mambo ya usalama hiyo simu ni dhahabu, maana wanaoacha si wale walio sawa, wanaoacha ni wale wameumia ama wamechoka ama wamekuwa wagonjwa sana. Kwa ile TORCH niliyotaja, upande wa plasebo karibu 44 kwa 100 waliacha dawa kabla ya miaka mitatu kuisha na upande wa inhela yenye dawa mbili ni kama 34, kwa hivyo ukihesabu tu waliobaki unahesabu wenye nguvu. Ndiyo sababu mimi nilikuwa napanda boda mpaka kijijini kutafuta mtu mmoja ambaye hajaonekana miezi miwili, si kumlazimisha arudi, ni kumuuliza tu nini kilitokea.

Na kwa familia, hili ni gumu lakini nitalisema. Mgonjwa akifariki, hata kama ni ajali ya barabarani, hata kama mnajua haihusiani na kifua kabisa, mmoja wenu apige ile simu. Nimekaa kwa maboma mengi chini ya mwembe nikiuliza, mama alilala vipi usiku ule, alisema nini, miguu ilikuwa imevimba, na hakuna familia ilinifukuza, wengi walitaka mtu awaulize. Kifo kisichojulikana kinaandikwa "amepotea", na mama aliyevuta inhela wiki arobaini akaandika dalili zake kwa mkono wake hastahili kuandikwa hivyo.

Wiki ya 52 ikifika rudisha inhela zote, hata tupu, hata ile mtoto alichezea ikavunjika, na eksasaizi waombe wapige kopi ubaki na yako. Waulize ni lini utajua ulikuwa kundi gani na matokeo yatakufikia vipi, simu ama mkutano wa baraza, waandike namba mbili za simu si moja, maana majibu yanaweza kuchukua muda mrefu na laini zinabadilishwa. Muulize daktari sasa kifua chako kinasomaje ukilinganisha na siku ya kwanza. Na kabla hujatoka mlangoni, ujue kesho asubuhi utavuta inhela gani, inatoka wapi, na ni nani anailipia.